Viatu vya Kukulia

Bibi alikuwa anamenya ming'oko. Kwa msiotoka Kusini: hii ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole vya mtoto, inachimbwa kwa jembe na subira, inachemshwa na chumvi, na inamenywa ikiwa bado ya moto. Sufuria ilikuwa katikati yetu kwenye mkeka, nyumbani Newala, mwezi wa sita, saa ile baridi ya kule juu inapoanza kupenya kanga. Akaniuliza hicho ninachoandika kila usiku mpaka taa yake ya sola inazimika ni kitu gani.

"Riwaya, bibi. Hadithi ndefu. Inahusu vijana wanaokua."

"Wana miaka mingapi?"

"Wanaanza na kumi na tano, kumi na sita."

"Wameshatoka?"

"Wote wameshatoka, bibi. Kabla hadithi haijaanza."

Akaniwekea mng'oko kwenye sahani. "Basi unaandika watu wazima," akasema, akachukua mwingine.

Kwetu mtu akiuliza kama mtoto ameshatoka hana haja ya kumalizia sentensi. Ni kutoka jandoni kwa mvulana, kutoka unyagoni kwa msichana. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, kila kabila lina njia zake na majina yake, lakini swali ni moja, na aliyetoka si mtoto tena. Hilo nalijua tangu nina miaka kumi. Nililisahau miaka yote sita niliyokaa na mswada, kwa sababu riwaya za kukua nilizosoma shuleni zinakwenda njia moja: kurasa za mwanzo mtoto, kurasa za mwisho mtu mzima, na katikati mambo yanayombadilisha. Nikalichukua umbo hilo nikawavalisha watoto wa Newala na Mtwara. Bibi hajui kusoma. Sentensi moja tu aliyosema ilinifanya niufunge mswada wa kurasa 214 nisiufungue wiki tatu.

Mimi nilitoka Desemba 2004. Ndivyo kalenda ya kwetu inavyokwenda: korosho zinaanza kuokotwa kuelekea mwezi wa kumi, fedha inaonekana mwishoni mwa mwaka, shule zinafungwa, ngoma zinalia. Mwaka wa bei mbaya watoto wanasubiri, na wapo wanaosubiri mpaka wanaona aibu kuwapita wenzao kimo. Mwaka ule korosho za baba zilikuwa zimetoka vizuri.

Ya ndani siyaandiki. Siyaandiki hapa wala kwenye riwaya. Rafiki yangu wa Dar es Salaam aliyesoma sura za mwanzo aliniambia utamu wote uko hapo, wasomaji watataka kujua manyakanga, yaani makungwi wetu, walisema nini mle ndani. Najua watataka. Lakini nilichofundishwa nilifundishwa kwa masharti, na wanawake walionifundisha wengine wako hai, tunakutana sokoni, tunasalimiana. Kwenye riwaya mlango unafungwa, inaachwa nafasi ya mstari mmoja, mlango unafunguliwa. Kilichonishughulisha ni siku ya kutoka na miaka inayofuata, maana hapo makungwi wanakunja mikeka yao wanakwenda makwao, na mwali anabaki na mwili ule ule aliokuja nao.

Nakumbuka viatu. Vilikuwa vyeupe, vya kufunga kwa kifungo pembeni, vikubwa kwa namba mbili. Mama alivinunua hivyo makusudi, nikulie humo. Mzazi wa kwetu hanunui kiatu cha kutosha leo. Akavijaza vitambaa kwa mbele. Nilitembea kutoka nyumba ya shangazi hadi uwanjani kichwa nimeinamisha, kanga imenifunika, mwavuli juu yangu. Mwali hatazami watu usoni, kwa hiyo siku yangu kubwa yote niliyoiona ni viatu vyangu na vumbi jekundu. Watu walikuwa wananitunza noti. Vigelegele. Jina langu jipya likatangazwa na la zamani likaachwa huko huko. Mtu aliyetoka ukimwita jina la utotoni mbele za watu umemtukana, na nimeshuhudia wavulana wakipigana ngumi kwa ajili hiyo tu.

Kesho yake asubuhi nilitaka kwenda kucheza kombolela.

Taratibu nilipewa kabla ya chai. Kusalimia wakubwa kwa kupiga goti bila kukumbushwa. Kuacha michezo ya watoto. Na kutoingia tena chumbani kwa baba na mama. Huo wa mwisho ndio ulionilemea. Redio ilikuwa chumbani kwa mama. Kitanda cha mama ndicho nilichokikimbilia radi zikipiga. Kuanzia siku ile nikawa nasimama mlangoni, nabisha hodi, nasubiri "karibu", na karibu yenyewe ilikuwa ya mama kutoka nje kuzungumza nami ukumbini. Niliitunza sheria ile kwa uaminifu mkubwa. Miguu yangu ilikuwa bado inateleza ndani ya viatu.

Bibi alipokwisha kusema neno lake nilianza kuwaona upya watoto wangu wa kwenye mswada. Wanaitwa watu wazima tangu wana miaka kumi, kumi na miwili. Wana majina mapya. Kanga walizotunzwa ziko kwenye masanduku ya mama zao. Tangazo limeshatolewa mbele ya kijiji kizima, na hakuna tena wa kuwaambia lini litakuwa kweli. Hiyo miaka ya kusubiri ndiyo nilipaswa kuiandika, nami nilikuwa nimeandika kitu kingine.

Nilikuwa nimeandika gesi.

Mswada wa kwanza ulianza na moshi. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini inasomwa Dodoma, na Mtwara mjini watu wako kwenye redio. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, kabla sijazaliwa; bomba la kuipeleka Dar es Salaam ndilo lililouwasha mji, kuanzia maandamano ya Desemba 2012 mpaka siku ile ya Mei. Mabomu ya machozi, majengo yaliyochomwa, watu waliokufa, wanajeshi mitaani. Nilikuwa na miaka 19, nakaa kwa mama mdogo Magomeni, ile ya Mtwara mjini. Niliamini, na ninaamini mpaka leo, kwamba rika letu haliwezi kuandikwa ukaziruka siku zile. Kwa hiyo nikaziweka mlangoni mwa kitabu, nikawashikisha vijana wangu mabango, nikawapa maneno ya kusema. Walisema mambo ya kweli. Waliyasema ukurasa baada ya ukurasa.

Mchapishaji mmoja alikaa na mswada ule miezi 14, akanijibu kwa mistari miwili kwamba mada ni nzuri. Liliniuma neno lile, mada. Nikampelekea mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili, mstaafu, ambaye siku hizi analima muhogo. Aliusoma wiki mbili, akanirudishia ukiwa na swali moja tu, limeandikwa kwa penseli nyuma ya ukurasa wa mwisho: "Somoe anapenda kula nini?"

Somoe ndiye msichana wangu, mkubwa kati ya watatu. Nilikaa na swali lile muda mrefu. Nilijua msimamo wa Somoe kuhusu bomba. Nilijua anavyoona suala la viwanda, na Kusini kuachwa nyuma, na barabara ya Ndundu hadi Somanga iliyokwamisha mabasi yetu miaka nenda rudi. Sikujua akiwekewa samaki anaanza na kichwa au na mkia.

Basi nikairudia siku ile ile, tarehe 22, nikajiuliza mimi mwenyewe nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nasukwa. Binamu yangu alikuwa amemaliza upande wa kulia, mistari sita imelala vizuri, na upande wa kushoto nywele zimechanwa zimesimama tayari, uliposikika mlio wa kwanza kutoka upande wa sokoni. Tukaingia ndani. Mama mdogo akaziba chini ya mlango kwa kanga iliyolowa maji. Siku zilizofuata hakuna aliyekuwa na moyo wa kukaa barazani kusuka, na ndani tuliogopa kuwasha taa, kwa hiyo nikabaki na nusu kichwa. Nilichokuwa nakionea haya wakati mji unaungua ni nywele zangu. Kila akiingia jirani na habari mpya, nani kaumia, duka la nani limevunjwa, mkono wangu ulikwenda kichwani kwanza kuvuta kitambaa, ndipo masikio yasikie.

Nikampa Somoe nusu kichwa kile. Kuanzia hapo akaanza kunikatalia mambo. Nikimwandikia hotuba haisemi, anatafuta kitambaa. Nilifurahi mno siku alipoanza kunikatalia.

Gesi sikuitoa kitabuni, isieleweke vibaya. Imo karibu katika kila sura, lakini inasikika kama tulivyoisikia majumbani: redioni, kwenye mabishano ya wazee wa kahawa, na kwa kaka mtu aliyekwenda kujifunza kuchomelea vyuma kwa sababu kampuni zinakuja, akakaa na cheti chake ndani ya bahasha ya kaki akisubiri zije.

Mchana nafanya kazi ya stesheneri, kata ya Reli, hapa Mtwara mjini. Reli yenyewe haipo. Ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga wa Nachingwea ulioanza mwaka 1947. Karanga zikashindwa, reli ikang'olewa, kata ikabaki na jina. Natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, orodha za wakulima za vyama vya msingi vya ushirika. Na siku hizi nachapa miswada. Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu itangaze washindi wake wa kwanza, Aprili 2023, wanakuja vijana na daftari za kaunta zimejaa mpaka kwenye majalada. Nawachapia, na ninasoma huku nachapa. Haiwezekani kuchapa bila kusoma. Wengi wao wameandika kosa nililoandika mimi. Msichana wa ukurasa wa kwanza anaitwa jina, ana umri, ana tatizo: mimba, ada, baba mlevi. Tatizo linatembea na miguu yake, msichana anafuata nyuma. Natamani niwaandikie swali la mwalimu wangu kwa penseli, lakini wamekuja kuchapisha, hawajaja kusahihishwa. Mmoja tu nilimuuliza. Alinitazama, akafikiri, akasema, "Dada, anapenda maembe mabichi na chumvi, lakini meno yake mabovu." Nikamwambia aende akaandike hilo.

Katika vijana wangu wa kwenye riwaya, aliyenipa kazi kubwa kuliko wote ni Mshamu.

Mshamu ana miaka 17 na ananunua kangomba. Hapa itabidi nieleze, maana neno hili nje ya mikoa ya korosho halina maana. Njia halali ya korosho ni kuzipeleka chama cha msingi, zinapimwa kwa mizani, unapewa risiti, zinakwenda ghala kuu, zinasubiri mnada, na fedha inakuja baadaye. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, kwetu Mtwara umekuwepo tangu 2007. Kwa mtu anayeweza kusubiri una faida yake. Lakini mtoto akiugua leo, au sare ya shule ikitakiwa Jumatatu, mnada hausubiriki. Hapo anakuja mtu na bakuli. Analipa papo hapo, bei ya chini, anasema bakuli ni kilo. Si kilo. Ni kilo na zaidi, na wote wawili wanajua. Hiyo ndiyo kangomba.

Korosho zina umbo kama la figo, hazilali sawa. Ukizimimina bakulini zinaachana, katikati panabaki hewa. Ukilitingisha bakuli mara mbili zinashikana, zinashuka, na pale juu pamepatikana nafasi ya konzi nyingine. Wanunuzi wote wanatingisha. Kuna wanaotingisha kwa mkono, na kuna wanaoligonga chini kidogo kama kwa bahati mbaya. Tajiri aliyemtuma Mshamu amemfundisha kugonga.

Siku moja zamu ya kuuza inamfikia shangazi yake.

Mara ya kwanza niliiandika hivi: Mshamu anakataa kumpunja shangazi, anatupa bakuli, anasema maneno mazito juu ya unyonyaji. Nilipoisoma asubuhi nikaona haya. Mara ya pili anampunja, usiku analia. Ikawa afadhali, lakini yale machozi niliyatia mimi, kwa kuogopa msomaji asimchukie. Nikaiacha miezi kadhaa. Halafu nikiwa kwenye daladala ya kwenda Mikindani, dirishani maji yamekupwa, wanawake wameinama wanachokoa pweza, nikamwona shangazi mtu. Mpaka siku ile nilikuwa sijamtazama yeye hata kidogo. Nilikuwa namtazama kijana tu.

Mshamu anamimina. Anashika bakuli, mikono inasita, hatingishi. Anajua akilitingisha shangazi ataona, na asipolitingisha tajiri ataona. Anakaa hivyo hivyo bakuli mkononi. Shangazi anachota konzi kutoka kwenye gunia lake mwenyewe, anaiweka juu, anaisawazisha kwa kiganja, na anamuuliza habari za mama yake.

Basi. Sura inaishia hapo. Shangazi amempunja nafsi yake ili mtoto wa kaka yake asionekane mwizi mbele yake. Kwetu huko ndiko kusitiriana, na ni jambo zito kuliko hotuba yoyote niliyowahi kumwandikia mtu. Mshamu alitoka jandoni miaka mitano nyuma na kila mtu anamwita mtu mzima. Konzi ile ya korosho anaondoka nayo, na kitabu kizima kuanzia hapo kinamfuata anavyoibeba.

Inamfikisha mbali. Novemba 2018, kama wengi mnavyokumbuka, Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kuzisomba. Kukawa na uhakiki: shamba lako liko wapi, lina ukubwa gani, mbona magunia mengi hivi. Waliokuwa wamenunua kangomba wakaanza kutafuta majina ya watu wenye mashamba. Mshamu wa miaka 22 ana magunia na hana shamba, na mwenye shamba anayemjua ni mmoja. Nimeandika mpaka anapofika uani kwa shangazi, anavua viatu, anakaa. Shangazi atasema nini sijajua bado, na sitaki kumharakisha.

Wa tatu ni Issa, aliyetoka jandoni pamoja na Mshamu, likumbi moja, yaani kambi moja ya jando, na hiyo kwetu ni zaidi ya urafiki. Issa amekwenda Dar kuwa machinga. Neno hilo nchi nzima sasa maana yake ni mchuuzi wa mtaani, na wanaolitamka wengi hawajui kwamba Wamachinga ni watu, ni kabila la Lindi, na kwamba lilianza kwa vijana wa huku waliokwenda mjini na bidhaa mkononi wakaitwa kwa jina la kwao. Nilijaribu kumfuata Issa Kariakoo nikashindwa. Sijawahi kuuza kitu mtaani Dar, na kila nilichoandika kilikuwa na harufu ya kusimuliwa. Nikamwacha kwenye simu. Anapiga Jumapili, nyuma yake honi za daladala, anasema mambo yanakwenda. Mara mbili kitabu kizima hasemi kwamba mambo yanakwenda, na msomaji atazijua.

Sasa nirudi kwa Somoe, maana yeye ndiye niliyempa kitu changu kilichonigharimu.

Machi 2009, nina miaka 15, mvua. Baba alikuwa Masasi. Mama alishinda na homa, jioni akasema amepata nafuu, akaingia kulala. Usiku wa manane nikaamka kwa mlio wa kitanda. Kilikuwa cha kamba, na mlio ule ulikuwa mfupi mfupi, wa mtu anayetetemeka. Wadogo zangu wamelala. Nikaenda kwenye mtungi, nikachota maji kwa kikombe cha plastiki cha kijani, nusu, maana Newala ya wakati ule maji hayajazwi ovyo kwenye kikombe. Nikasimama mlangoni kwa mama.

Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Sijui nilisimama muda gani. Nakumbuka baridi ya kikombe ilikwisha mkononi. Nilikuwa mtu mzima wa mwaka wa tano, na mtu mzima haingii humo. Wakati huo huo nilikuwa mtoto wa mama, na mama alikuwa anatetemeka. Hakuna aliyenifundisha kinachofanyika mambo hayo mawili yakigongana. Kama walinifundisha, sikulisikia, nilikuwa na miaka kumi na natazama viatu.

Nikasukuma mlango.

Kilikuwa chumba tu. Redio ile ile, imefunikwa kitambaa. Lakini mama alikuwa kichwa wazi, na nywele zake upande mmoja zilikuwa na mvi. Sikuwa nimezijua. Miaka mitano sikuwa nimemwona mama yangu bila kanga kichwani, na humo ndani, nyuma ya mlango nilioutii vizuri vile, alikuwa amezeeka kidogo bila mimi. Nikamwinua, akanywa. Hakuniuliza kwa nini nimeingia. Alfajiri nikaenda kumwamsha jirani mwenye baiskeli, akapelekwa hospitali, akapona.

Hiyo ndiyo sura ya tisa sasa. Niliiandika kwa siku mbili baada ya ile wiki ya tatu ya kutofungua mswada, na sijabadilisha humo chochote kikubwa, jambo ambalo kwangu halijawahi kutokea. Kila kitu cha kabla yake nilikiandika upya ili kifike hapo: viatu, nusu kichwa, vidole vya Somoe vilivyoungua kwa mafuta ya maganda anapobangua korosho na mama yake, anavyovikunja akipokea chenji dukani. Nataka msomaji akifika kwenye ule mlango awe anamjua huyu msichana kiasi cha kutojua atafanya nini.

Mwezi uliopita nilipanda gari kwenda Newala nikiwa na sura hiyo imechapwa kwa herufi kubwa, nikamsomea bibi. Alisikiliza macho amefumba, kidole kimegusa tundu la ndonya, lile pambo la zamani, juu ya mdomo wake, kama anavyofanya akisikiliza taarifa ya habari. Kwenye mtungi alitikisa kichwa kukubali kwamba nusu kikombe ni sawa. Nilipofika Somoe anasukuma mlango, akafumbua macho.

"Hakubisha hodi?"

Nikatazama karatasi. Haikuwamo. Nikamwambia mambo yalikuwa ya haraka, mama anatetemeka.

"Mtoto aliyetoka," akasema bibi, "na hakubisha?"

Nilijaribu kukumbuka kama mimi nilibisha. Ninakiona kikombe, ninauona mwanga kidogo chini ya mlango, nasikia mvua kwenye bati. Sauti yangu siisikii. Nikaenda kusimama kwenye mwembe, ambapo mtandao unashika, nikampigia mama, ambaye siku hizi anakaa nami Mtwara. Sikumweleza ni kwa ajili ya kitabu. Nilimuuliza tu: mama, ule usiku wa homa, baba yuko Masasi, nilibisha hodi?

Akakaa kimya kidogo.

"Ulibisha," akasema. "Mara tatu. Mimi nasema karibu, sauti haitoki."

Kisha akauliza kama mama yake ameshakula.